Fundi wa Tabora Aisikie Bei ya Kazi Yake

Tangu msimu wa mwaka 2024, korosho za mikoa ya kusini zimekuwa zikinadiwa kwa mtandao chini ya Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima aliyezoea kuletewa bei mlangoni na mtu wa kati, akaipokea kama mtu apokeavyo hukumu, sasa anaweza kuisikia ikitajwa hadharani na kujua aliyefika bei na aliyeshindwa. Hatusemi kwamba malalamiko ya wakulima yamekwisha. Lakini jambo moja limekwisha kuthibitika, nalo ni kwamba kunadi kwa mtandao ni kazi wanayoiweza Watanzania wenyewe, kwa mali ya Watanzania wenyewe. Kwa hiyo ni halali kuuliza: ikiwa korosho ya Mtwara na Lindi imepata mnada wa namna hiyo, kwa nini kigoda cha mninga kilichochongwa Tabora kisipate?

Swali hili twaliuliza tukiwa Visiwani, na wako watakaoshangaa Tabora inatuhusu nini. Jibu lake ni la kihistoria. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilianza pwani ya Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliijua kwa jina la Kazeh, kisha ikashuka hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Ulikuwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, nao ulikwenda kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakapanda bara na doti za merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mtaji wa safari hizo ulitoka Unguja, na bei ya mali yote ilikatwa Unguja. Mtu aliyeubeba mzigo kwa miezi mitatu hakuwapo ilipotajwa thamani yake, wala hakuna aliyefikiri kwamba ilimpasa awepo.

Njiani nako kulikuwa na hongo. Neno hilo katika siku hizo lilikuwa jina la ushuru alioutoza mtawala kwa msafara uliopita katika nchi yake, nao ulilipwa kwa nguo na shanga. Mtawala mmoja alitoza, wa pili akatoza, wa tatu akatoza, na kila kilicholipwa kiliongezwa katika bei ya mwisho au kikapunguzwa katika ujira wa aliyekuwa mnyonge kuliko wote. Sote twajua neno hilo lina maana gani leo. Lugha haibadiliki bila sababu, na maofisa wetu wa Serikali wangefanya vyema kulitafakari neno hilo kila mara mwananchi mwenye mzigo mdogo anaposimama mbele ya meza zao.

Tena ni lazima tuseme bila kuzunguka kwamba katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Hapa Unguja walinadiwa Mkunazini, mahali ambapo leo pana kanisa kuu la Kianglikana, mpaka soko hilo lilipofungwa kwa mkataba wa mwezi Juni 1873. Kwa hiyo neno mnada, kwa watu wa Tabora na kwa watu wa Visiwani, lina kovu. Hatutaji habari hizi ili kufukua chuki. Twazitaja kwa kuwa zatupa kanuni ya kwanza ya biashara tunayoizungumzia, kwamba katika mnada wa haki mwenye kazi husema, na bila idhini yake hakuna kinachouzwa.

Mali iliyoijengea njia hiyo jina lake imekwisha kutoka sokoni. Mwaka 1989 Tanzania yenyewe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotaka biashara ya pembe za ndovu ipigwe marufuku duniani, na marufuku hiyo ikaanza kutumika mwaka 1990. Kampuni ya eBay, ambayo ndiyo mnada wa mtandaoni ulio mashuhuri kuliko yote, nayo iliizuia pembe katika mnada wake tangu mwaka 2009. Pembe imekwenda, lakini mikono imebaki. Tabora na wilaya zake bado kuna watu wajuao kuchonga kigoda, kinu na mwiko, kusuka mkeka na ungo, kufinyanga chungu na kuwamba ngoma. Ujuzi huo wameurithi kwa wazee wao, na vijana wao watauacha ikiwa hauwezi kununua daftari la mtoto.

Wako watakaosema kwamba vitu hivi havina soko. Hoja hiyo haina uzito. Mwaka 1994 ilifanyika Ujerumani maonyesho makubwa ya sanaa ya uchongaji ya Tanzania, na kazi za Unyamwezi zilikuwa na nafasi ya heshima humo. Katika makumbusho ya Berlin kimo kiti cha enzi chenye egemeo refu, kilichochukuliwa Unyamwezi mwishoni mwa karne ya 19, na wataalamu wa sanaa hukihesabu miongoni mwa kazi bora za Afrika. Jina la aliyekichonga halikuhifadhiwa. Nyumba kubwa za mnada za Ulaya nazo zimekuwa zikinadi vinyago vya Kinyamwezi mbele ya matajiri. Kwa maneno mengine, kazi ya mkono wa Tabora imekuwa ikinadiwa kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni fundi kuwamo katika mnada huo.

Sasa tuitazame biashara yenyewe, maana maneno mazuri hayamshibishi mtu. Mnada mdogo wa mtandaoni hauhitaji jengo wala mtambo mkubwa. Wahitaji kikundi cha mafundi wanaoaminiana, simu moja yenye kamera njema, mtu mmoja ajuaye kuandika maelezo ya kweli, na stoo kavu isiyo na mchwa. Kila kitu hupigwa picha mchana, mbele na nyuma, na ufa ukiwapo nao hupigwa picha. Hupimwa urefu na uzito. Huandikwa mti uliotumika, mahali kilipotengenezwa na jina la fundi, iwapo yeye mwenyewe amekubali litajwe. Kisha fundi hutaja bei ya chini ambayo kazi yake haitauzwa chini yake. Mnada hufunguliwa kwa siku saba na hufungwa kwa saa inayojulikana. Saa tatu usiku ya Tabora ni jioni bado huko Berlin, na jamaa zetu walioko Muscat wanakuwa hawajalala. Anayetaja bei ya juu kuliko wote, ikiwa ameivuka bei ya chini, ndiye aliyefika bei.

Tuchukue mfano wa hesabu, si kwa kuwa ndiyo bei ya soko, bali ili mambo yaonekane. Tuseme fundi humuuzia mchuuzi kigoda kwa shilingi 25,000, nacho kikapita mikono mitatu hadi kikauzwa kwa mgeni kwa shilingi 120,000. Sasa tuseme kigoda hicho kimewekwa mnadani kwa bei ya chini ya shilingi 60,000, kikafikia shilingi 120,000 hizo hizo. Kikundi kikikata asilimia 15 kwa ajili ya gharama zake, yaani shilingi 18,000, na nauli ya mzigo ikilipwa na mnunuzi, fundi atapokea shilingi 102,000. Mnunuzi hakudhulumiwa, na fundi ameongeza kipato chake mara nne bila kuongeza hata siku moja ya kazi.

Hesabu hiyo yapendeza, lakini ina shimo, na wengi walioanzisha shughuli za namna hii kwa nia njema wametumbukia humo. Mchuuzi hulipa leo. Mnada hulipa baada ya siku saba za kunadi, na baada ya siku nyingine nyingi za mzigo kusafiri. Fundi ambaye mtoto wake ana homa usiku huu hataingoja bei ya mwezi ujao, hata ikiwa kubwa mara kumi. Tusimwite mchuuzi mnyonyaji na kuona tumemaliza kazi, ilhali yeye peke yake ndiye aliyekuja na fedha mkononi siku ya shida. Ndiyo maana twasema kwamba jambo la kwanza katika biashara hii ni mfuko mdogo wa akiba, kabla ya kamera na kabla ya intaneti. Fundi akileta kazi yake stoo alipwe papo hapo nusu ya bei ya chini, na salio alipwe mnada ukifungwa. Kikundi kisichoweza kufanya hivyo kisianze kwanza; kiweke akiba kupitia chama cha akiba na mikopo mpaka kiweze.

Jambo la pili ni kujua kipi kinadiwe na kipi kisinadiwe. Mnada hufaa kwa kitu ambacho hakina ndugu, kama vile kiti chenye egemeo la mtindo wa kale, ngoma kubwa, au chungu ambacho moto umekitia rangi isiyoweza kurudiwa. Kikapu kinachoweza kusukwa hamsini kwa mfano mmoja hakihitaji mnada. Kiwekewe bei moja ya kudumu, mnunuzi alipe aende zake. eBay yenyewe ilianza mwaka 1995 kama mahali pa kunadia tu, na kitu chake cha kwanza kuuzwa kilikuwa taa ndogo mbovu ya miale, iliyofikia dola 14.83. Leo sehemu kubwa ya mauzo yake ni ya bei iliyotajwa tangu mwanzo. Hilo ni funzo la bure kwa anayeanza.

Jambo la tatu ni uaminifu. Kila aliyekwenda mnada wa samaki Darajani anajua kwamba mnunuzi humgeuza samaki, akamtazama shavu, kisha ndipo akataja bei. Mnunuzi wa mtandaoni hana nafasi hiyo. Macho yake ni maneno ya muuzaji. Picha ikificha ufa mara moja, sifa ya Tabora nzima itavunjika. Kadhalika kuna ulaghai wa kumpanga mtu wa kwenu ajifanye mnunuzi ili apandishe bei. Ujanja huu ni wa zamani kama mnada wenyewe, nao huua soko upesi kuliko ukosefu wa wateja. Kanuni za kikundi ziukataze waziwazi, na anayeufanya atolewe. Fedha za mnunuzi nazo zishikwe na kikundi mpaka mzigo umefika salama, ili asiwepo wa kulia kwamba amelipia hewa.

Jambo la nne ni sheria. Mpingo umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 2017, na mwezi Novemba 2022 iliamuliwa mninga nao uingizwe. Vitu vidogo vilivyokamilika vimepewa nafuu, lakini nafuu hiyo haimfai fundi asiyeweza kuonyesha alikopata gogo lake. Misitu ya Tabora ndiyo ghala la uchongaji huu, na anayekata bila kibali aiba mtaji wa mwanawe. Vilevile Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya urithi, ikiwamo milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mnada wa mafundi uuze kazi mpya ya mafundi walio hai. Siku utakapoanza kupokea kigoda cha marehemu babu kilichotolewa nyumbani usiku, utakuwa umegeuka njia nyingine ya kuikausha nchi, nasi tutakuwa wa kwanza kuulaani.

Hapo ndipo tunapofika kwa viongozi na maofisa. Sheria ya Bara kuhusu wanaonadi mali, Sura ya 227, ilitungwa kabla ya intaneti kuwako, nayo inamtaka anayenadi awe na leseni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kwa upande wake inatambua makubaliano yaliyofungwa kwa njia ya mtandao. Kikundi cha mafundi kumi cha Tabora kinachotaka kunadi vigoda vyake kitendewe kama kampuni ya udalali inayouza majumba ya wadaiwa, au kama wakulima wanaouza mazao yao? Yafaa wizara zinazohusika zitoe jibu moja, kwa maandishi na kwa Kiswahili chepesi. Mwananchi asiyejua anatakiwa afanye nini huwa windo la kila mwenye muhuri.

Aidha, fundi huyo husajili jina la biashara kwa BRELA, hutafuta leseni halmashauri, hukata kibali cha mazao ya misitu, huhesabiwa kodi, na mzigo wake ukienda nje hukutana na forodha. Kama mzigo huo utapitia Unguja, taratibu za Visiwani nazo zina milango yake. Hatudai milango hiyo ivunjwe. Kila mmoja ulijengwa kwa sababu. Lakini milango saba kwa kigoda kimoja ni njia ya misafara iliyorudi, na hongo yake. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Hapana shaka ingeweza kuwa mahali pamoja ambapo fundi wa Tabora anamaliza shughuli hizi kwa siku moja na kwa ada inayolingana na mfuko wake. Shirika la Posta nalo litangaze nauli maalumu ya kazi za mikono na kuiheshimu, kwa maana kigoda cha kilo nne kikigharimu kusafirishwa zaidi ya bei yake, mnada umekufa kabla haujafunguliwa.

Wala tusisubiri kampuni kubwa kutoka nje ije itufanyie. Jumia, kampuni iliyojulikana Afrika nzima kwa biashara ya mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Ilipoona hesabu hazilingani, iliondoka, na ilikuwa haki yake kuondoka. Mafundi wa Tabora hawana pa kuondokea. Ndiyo sababu biashara yao iwe ndogo, ianze kwa vitu ishirini, ijifunze, kisha ikue kwa kadiri ya nguvu zake.

Kwa wananchi wenzetu wa Visiwani tuna neno la mwisho. Si siri kwamba vinyago vingi vinavyouzwa katika maduka ya Mji Mkongwe vimetoka Bara. Mwenye duka anaweza kuuona mnada wa mafundi kama adui ajaye kumnyang'anya mkate. Twamwomba atazame vizuri. Wageni wengi huingia dukani kwake, wakapenda kiti, wakakishika, kisha wakakiacha kwa sababu hakiingii ndegeni. Mgeni huyo akiondoka na karatasi yenye anwani ya mnada, na kiti kikauzwa akiwa kwao, mwenye duka anastahili fungu lake kwa kumtambulisha. Duka likiwa dirisha la mnada, wote wawili watakula. Tena wasuka ukili wa Unguja na Pemba, ambao nao huletewa bei kama hukumu, watakuwa na mfano wa kuufuata, na pengine wa kushirikiana nao.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mikataba ya kuifikisha huko reli mpya ya kisasa imekwisha kutiwa saini. Nyaya za mawasiliano zilizotandazwa chini ya bahari mwaka 2009 na 2010 ziliufungulia ukanda wetu mlango mpana wa dunia. Njia ya misafara, kwa hiyo, haijafa. Imebadili vyombo tu. Lililo mikononi mwetu, raia na maofisa, ni kuamua kama itabadili pia desturi yake. Unguja ilikata bei ya mzigo wa Mnyamwezi kwa zaidi ya nusu karne, naye hayupo. Ni wajibu wa kizazi hiki kuhakikisha kwamba safari hii yumo, jina lake limeandikwa, bei yake ya chini imeheshimiwa, na nusu ya fedha yake imo mfukoni kabla kazi yake haijapanda treni.